Paris hadi London na cheti cha chanjo: kumbukumbu za Oktoba 2021

Jumatatu, 4 Oktoba

Viza imetoka na tiketi ipo. Semina ya wahariri inaanza Paris Ijumaa, kisha navuka kwa treni hadi London kumalizia kazi ya siku chache. Usiku huu nimetandaza karatasi zangu mezani na kuzisoma kwa jicho la afisa asiyenijua, aliyechoka, mwenye foleni ndefu mbele yake.

Pasipoti ina majina yangu matatu. Cheti cha chanjo ya korona nilichopakua kwenye mfumo wa wizara kina mawili, na lile la ukoo limekosa herufi moja. Tarehe ya kuzaliwa haipo, upo mwaka tu. Kwenye nafasi ya chanjo pameandikwa "AstraZeneca", basi. Ila kadi ya kliniki, ile iliyojazwa kwa kalamu Machi na tena Juni, inasema Covishield, na namba ya toleo imebanwa pembeni.

Yote mawili ni kweli. Chanjo ni ya AstraZeneca na Chuo Kikuu cha Oxford, lakini chupa yangu ilitoka kiwanda cha Serum Institute of India kule Pune, ikatufikia kupitia COVAX, mpango wa dunia wa kugawana chanjo. Shirika la Afya Duniani, WHO, liliipa kibali cha matumizi ya dharura tarehe 15 Februari. Mamlaka ya dawa ya Ulaya, EMA, yenyewe ina kwenye orodha yake ile inayouzwa huko kwa jina la Vaxzevria. Covishield haimo. Kwa hiyo kila nchi ya Ulaya imebaki kujiamulia, na Ufaransa iliamua kuikubali katikati ya Julai.

Uingereza ni kisa kingine. Leo hii hii imefuta rangi ilizokuwa ikipangia nchi kwa kiwango cha hatari: kijani na kaharabu zimeondoka, imebaki orodha nyekundu peke yake, ile ya hatari kubwa. Tangu tarehe 22 Septemba inaitambua Covishield kwa jina. Tatizo ni kwamba haitambui mpango wa chanjo wa nchi nyingi ilikotumika. Dawa inakubalika, mtoa cheti hakubaliki. India imekasirika kiasi kwamba kuanzia leo kila raia wa Uingereza anayetoka Uingereza atakaa karantini siku 10 akifika huko, awe amechanjwa au la. Sisi wengine hatuna ubavu huo. Treni yangu ni ya Jumapili tarehe 10, na kwa sheria ya leo nitahesabiwa kama mtu ambaye hajachanjwa.

Jumatano, 6 Oktoba

Siku nzima imeishia kwenye ofisi ya kurekebisha vyeti.

Niliyekaa naye benchi ni mama wa makamo anayekwenda kumwona mwanawe. Dozi ya kwanza alichomwa nchi moja alikokuwa akiuguza ndugu, ya pili akachomwa hapa. Kila mfumo unamtambua kwa dozi moja, na hakuna unaojua habari za mwenzake. Anazo karatasi mbili halali, kila moja ikisema kwamba hajakamilisha. "Mwanangu," akaniambia, "mimi niko nusu huku na nusu kule." Alipofika dirishani wakamshauri achomwe dozi nyingine ili mfumo utoshe. Akauliza kama hiyo ni ushauri wa daktari au wa kompyuta. Hakupata jibu, na mimi naona swali lake ndilo lililokuwa la maana kuliko yote niliyoyasikia ofisini humo.

Kwangu ilikuwa rahisi kidogo. Kijana wa kompyuta alikubali kurudisha herufi iliyopotea, lakini jina la tatu likagoma.

"Mfumo unavuta jina kutoka kwenye kitambulisho, si pasipoti."

"Na kitambulisho kina yote matatu, kaka. Hiki hapa."

Akakigeuza, akakisoma, akaniomba nisubiri. Jina likaingia baada ya mkubwa wake kuingiza nenosiri lake. Tarehe kamili ya kuzaliwa nayo ikaingia. Nilisisitiza hilo kwa sababu ya yaliyowakuta Wahindi mwezi uliopita: mfumo wao wa vyeti vya chanjo, CoWIN, ulikuwa hautoi tarehe kamili ya kuzaliwa, na Waingereza wanaitaka siku, mwezi na mwaka. Ikabidi mfumo wa nchi yenye watu zaidi ya bilioni moja uongezewe kipengele kwa ajili ya wasafiri.

Nilipoomba waandike pia jina la mtengenezaji, kijana alinitazama kama niliyeomba samani. Lakini likaandikwa.

Alhamisi, 7 Oktoba

Mtu anayeamua kama utasafiri si afisa wa uhamiaji, ni yule wa kaunta ya shirika la ndege. Shirika likimpeleka abiria asiyekidhi masharti, linaweza kupigwa faini na kulazimika kumrudisha kwa gharama zake, kwa hiyo hakuna anayesoma karatasi kwa makini kama huyu. Mbele yake kuna Timatic, hazina ya taarifa ya chama cha mashirika ya ndege, IATA, inayoonyesha masharti ya kila nchi kwa kila pasipoti. Anachoandikiwa na skrini ndicho sheria, hata kama wewe umekesha ukisoma tovuti ya ubalozi.

Dada wa kaunta alisoma kwa sauti ya chini: dozi mbili, zaidi ya siku saba tangu ya pili, tamko la kutokuwa na dalili. Kisha akauliza, "Covishield ndiyo AstraZeneca?" Nikamwonyesha mahali palipoandikwa mtengenezaji. Akampigia mtu simu. Abiria walio nyuma yangu wakaanza kuhamisha uzito kutoka mguu mmoja hadi mwingine. Simu ikakatwa, akanitolea pasi ya kupandia ndege.

Katika kupekua mkoba alikuwa ameikuta kadi yangu ya homa ya manjano, akairudisha bila kuifungua. Ufaransa haiihitaji. Ila nimeitazama kwa heshima nilipokuwa nikingoja lango lifunguliwe. Muundo wake ni mmoja dunia nzima, umewekwa na Kanuni za Afya za Kimataifa; inaanza kutumika siku 10 baada ya sindano, na tangu tarehe 11 Julai 2016 inadumu maisha yote ya mwenye nayo. Ni karatasi, inajazwa kwa kalamu na kugongwa muhuri, haina betri wala haihitaji mtandao. Inaghushiwa, najua, tena sana. Lakini hakuna anayebishana kuhusu namna ya kuisoma.

Nikiwa bado langoni habari zikaingia kwenye simu: waziri wa uchukuzi wa Uingereza, Grant Shapps, ametangaza kwamba kuanzia Jumatatu tarehe 11, saa kumi alfajiri, nchi 47 zinatoka kwenye orodha nyekundu, na vyeti vya nchi nyingine 37 vitatambuliwa, India na Ghana zikiwamo. Nikateremka na orodha kwa kidole. Na sisi tumo. Treni yangu inaondoka saa chache kabla sheria haijaanza.

Ijumaa, 8 Oktoba

Mpakani Paris ilikuwa suala la dakika. Polisi alichukua pasipoti, akatupia jicho karatasi ya chanjo na lile tamko la kiapo, akagonga muhuri. Niliyekuwa nimejiandaa kwa mahojiano nikajikuta upande wa pili nikitafuta mkanda wa mizigo.

Mpaka wenyewe nimeukuta mlangoni mwa mkahawa. Tangu tarehe 9 Agosti Wafaransa wanataka pass sanitaire, hati yao ya afya, katika mikahawa, hata ukikaa nje, na katika treni za masafa marefu. Makumbusho na sinema zilianza Julai. Metro haihitaji, barakoa inatosha. Mhudumu alielekeza simu yake kwenye msimbo wa cheti changu, skrini ikawa nyekundu. Akajaribu tena. Nyekundu. Akasema samahani kwa adabu nzuri sana, na sikuingia.

Jioni mwenzangu mmoja wa semina, anayefanya kazi na mifumo ya kompyuta, amenieleza kwa nini. Msimbo wa Ulaya umebeba taarifa zenyewe ndani yake: jina, tarehe ya kuzaliwa, chanjo, dozi, vyote vimefinywa na kutiwa saini ya kidijitali ya nchi iliyoutoa. Ukiusoma kwa programu ya kawaida unaona mlolongo wa herufi unaoanza na HC1. Simu ya mhudumu haimwulizi mtu yeyote chochote. Ina orodha ya funguo za nchi zilizomo kwenye mfumo, inalinganisha saini, inatoa kijani au nyekundu. Msimbo wangu ni anwani ya tovuti tu, inayokupeleka kwenye ukurasa wa wizara. Kwa binadamu mwenye subira unathibitisha kila kitu. Kwa simu ya mhudumu ni kama nimemwonyesha msimbo wa pakiti ya sabuni.

Ndipo nilipoelewa kwamba nyekundu ile haikusema cheti changu ni bandia. Ilisema haimjui aliyekitoa. Tofauti hiyo ni kubwa, ila skrini ina rangi mbili tu.

Jumamosi, 9 Oktoba

Wafaransa wameweka njia: famasia zinaweza kubadilisha cheti cha mgeni kuwa msimbo wao, kwa malipo yasiyozidi euro 36. Famasia ya kwanza ilisema haitoi huduma hiyo, nyingine ikasema mhusika hayupo. Ya tatu mfamasia alikuwa mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa uzi shingoni, aliyesoma cheti changu chote, kisha kadi ya kliniki yote, kisha pasipoti, akaandika kimyakimya. Hakutaka kujua ninatoka wapi wala ninakwenda wapi. Alichotaka ni tarehe za dozi. Akanipa karatasi yenye msimbo. Nilipotoka nikarudi mkahawa ule wa jana, simu ikawa kijani, yule yule mhudumu akanikaribisha kama mtu mpya.

Mchana mazungumzo ya semina yameiacha mada na kuhamia kwenye vyeti. Mchile ana dozi mbili za Sinovac, iliyoidhinishwa na WHO. Hapa ameambiwa aongeze moja ya Pfizer au Moderna ndipo ahesabiwe, kisha angoje siku saba. Mmarekani ametoa kadi yake nyeupe ya chanjo ya CDC, taasisi ya kwao ya kudhibiti magonjwa; imeandikwa kwa kalamu, haina msimbo, haina picha, na haitoshi kwenye pochi. Naye ilibidi apite famasia. Lakini London anaingia nayo bila shida tangu tarehe 2 Agosti. Wenzetu wenye vyeti vya kidijitali vya wizara, vyenye msimbo na namba ya usajili, wamesubiri hadi keshokutwa. Nimejaribu kutafuta sababu ya kitaalamu ya jambo hilo na sijaipata. Eti kuzuia ughushi? Kadi ile hata mtoto wa shule anaichapisha.

WHO iliwashauri wakubwa mapema. Kamati yake ya dharura ilisema Julai kwamba uthibitisho wa chanjo usiwe sharti pekee la kuruhusu safari za kimataifa, kwa sababu chanjo zenyewe hazijagawanywa kwa haki. Ushauri ulisomwa, ukafungwa.

Jumapili, 10 Oktoba

Nimebadilisha treni. Nikiondoka leo: kipimo kabla ya safari, vipimo viwili baada ya kufika, siku ya pili na ya nane, na kujifungia siku 10. Nikiondoka kesho mchana: fomu na kipimo kimoja. Usiku mmoja wa ziada hotelini ni nafuu kwa vyovyote.

Fomu ya abiria ya Uingereza hujazwa ndani ya saa 48 kabla ya kufika. Inataka anwani, namba ya kiti, nchi ulizopita katika siku 10, hali ya chanjo, na namba ya oda ya kipimo cha siku ya pili. Maana yake kipimo unakilipia kabla fomu haijakubali kwenda mbele. Nimechagua kampuni moja kutoka orodha ndefu ya serikali, ambayo bei zake za matangazo hupanda ukibofya.

Kisha nimelinganisha cheti na masharti yao, mstari kwa mstari: jina la kwanza na la ukoo, tarehe ya kuzaliwa, jina la chanjo na mtengenezaji, tarehe ya kila dozi, nchi ilikotolewa. Yote yapo. Kile cha Jumatatu iliyopita kingeangukia jina, tarehe ya kuzaliwa na mtengenezaji.

Jumatatu, 11 Oktoba

Gare du Nord, saa tano asubuhi. Wafanyakazi wa treni wanakagua fomu kabla hujafika kwa maafisa. Kijana aliyenihudumia alisoma fomu, akaomba cheti, akakunja uso, akamwita mwenzake. Mwenzake akatoa karatasi iliyochapishwa, bado ina joto la mashine nadhani, akashuka nayo hadi jina la nchi yangu.

"Ni kuanzia leo," akamwambia.

"Leo saa ngapi?"

"Alfajiri. Imeshapita."

Nikapita. Maafisa wa mpaka wa Uingereza wako humo humo kituoni Paris, kwa hiyo unaingia Uingereza kabla hujapanda treni. Afisa wa kike aliuliza ninakwenda kufanya nini na nitaondoka lini. Kuhusu chanjo hakuuliza neno.

Nyuma yangu kulikuwa na baba na mabinti wawili ambao cheti chao kimetoka nchi isiyomo kwenye zile 37. Chanjo ni Covishield, kama yangu. Niliona namba ya toleo kwenye kadi yake alipoiinua kuwaonyesha, inaanza kwa tarakimu zile zile. Hawakuzuiwa, lakini fomu yao iliwataka wawe na vipimo zaidi na siku 10 za kukaa ndani. Alikuwa akipiga simu kwa mwenyeji wao kuuliza kama nyumba ina chumba cha ziada.

Jumatano, 13 Oktoba

Siku ya kufika ni sifuri, kwa hiyo leo ndiyo siku ya pili. Kifurushi cha kipimo hakikufika jana wala leo asubuhi. Nimepiga simu, mashine imenishukuru kwa uvumilivu. Kimeletwa saa kumi jioni, nimejichokoa koo na pua mbele ya kioo cha bafuni kwa kufuata picha, nikakimbilia sanduku la posta. Majibu yakija baada ya kuondoka kwangu sitashangaa.

Ajabu ya hapa ni kwamba nimeingia mikahawani, dukani na kwenye jumba la makumbusho na hakuna aliyeniuliza chochote. England iliuweka kando mpango wa hati ya chanjo mwezi uliopita. Scotland imeuanza kwa kumbi za usiku tarehe mosi, Wales Jumatatu niliyoingia. Karatasi ya yule mama wa famasia imekuwa alamisho ya kitabu.

Jumamosi, 16 Oktoba

Kuingia nyumbani, chanjo haimsamehei mtu kipimo. Nilipimwa juzi kwenye kliniki ya wasafiri, hasi, cheti kikaja kwa baruapepe kikiwa na majina matatu kwa mpangilio wa pasipoti. Niliwaambia wayaandike hivyo kabla hawajanigusa pua. Kaunta ya ndege walitazama hicho peke yake. Cha chanjo nilikitoa mwenyewe, wakanirudishia.

Majibu ya siku ya pili yamenifikia nikiwa kwenye foleni ya kupanda ndege.

Desemba, nyongeza

Mwenzetu wa semina kutoka Afrika Kusini, ambaye nchi yake ilitoka kwenye orodha nyekundu tarehe 11 Oktoba, alikuwa na safari ya London mwishoni mwa Novemba. Tarehe 24 wanasayansi wa kwao waliiarifu WHO kuhusu aina mpya ya kirusi cha korona. Tarehe 26 ikapewa jina Omicron, na siku hiyo hiyo Uingereza ikairudisha Afrika Kusini na majirani zake watano kwenye nyekundu. Wasio raia wala wakazi wa Uingereza hawaingii, wawe na dozi mbili au kumi. Ufaransa nayo, kuanzia tarehe 4 Desemba, inataka kipimo kisichozidi saa 48 kwa kila anayetoka nje ya Ulaya, aliyechanjwa na asiyechanjwa.

Aliniandikia kwamba cheti chake kina kila kitu, hata namba ya toleo. Tarehe 15 Desemba, saa kumi alfajiri tena, nchi zote 11 zilizokuwa zimewekwa nyekundu ziliondolewa. Akapata kiti cha tarehe 18, akajaza fomu upya, akalipia kipimo kingine cha siku ya pili, kwa sababu kile cha kwanza kampuni ilikataa kurudisha pesa.